Maumivu ya Shingo: Telefone Nayo ni Mzigo



Wamama wa Rutshuru wanajua vizuri shingo kuuma. Wanabeba bidoni ya maji, wanabeba kuni, wanainama kulima maharagi, wanapeleka mizigo kwenye soko la Kiwanja. Lakini kuna siku mama anasema: "Leo nilipumzika, sikubeba kitu. Mbona shingo inaniuma?" Mama, tazama mkono wako. Pengine ulikuwa umeshika telefone.

Telefone ndogo inaumiza namna gani?

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kinakaa juu ya mifupa 7 ya shingo. Ukikaa wima, mifupa hiyo inakibeba bila shida. Ukiinamisha kichwa, misuli ya nyuma inapaswa kukivuta ili kisianguke mbele. Mwaka 2014, munganga mmoja wa Marekani, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu ya kazi hiyo. Aliona kwamba kichwa kikiinama sana, shingo inapata mzigo kama wa kilo 27. Maji ya bidoni ya litre 20 ni kilo 20 tu! Tena bidoni unaitua ukifika nyumbani. Telefone unaitazama saa nzima bila kutua. Ndiyo sababu misuli inachoka na kukaza, na maumivu yanapanda kichwani ao yanashuka mabegani.

Fanya hivi:

1. Inua telefone mpaka mbele ya uso. Egemeza viwiko juu ya meza ao juu ya magoti.

2. Usiibane telefone kati ya sikio na bega wakati unapika.

3. Usisome ukiwa umelala, kichwa kikiinuliwa na mito mingi.

4. Kila mara ukisoma kidogo, pumzika. Rudisha kidevu nyuma polepole, hesabu mpaka 5, legeza. Rudia mara 10. Pandisha mabega, yashushe, mara 10.

5. Ukinyonyesha, mlete mtoto kwenye ziwa, usiinamie mtoto. Kunja kikwembe, ukiweke chini yake. Na telefone iache kando: mtoto anapenda kuona macho ya mama yake.

6. Ukibeba mzigo mzito, ugawe mara mbili.

Ikiwa shingo inauma tayari, weka kitambaa chenye maji ya moto kiasi, kisikuunguze. Endelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Kulala siku nzima kunakazisha shingo zaidi.

Usifanye hivi:

Usikubali mtu avute ao kuzungusha shingo yako kwa nguvu. Usichanjwe kwa wembe. Na wewe mama mwenye mimba, usinunue ovyo dawa za maumivu sokoni. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Uliza kwanza muuguzi.

Njoo hospitali leo, usingoje kesho:

— Shingo imekaza pamoja na homa, kichwa kuuma sana, kutapika, ao akili kuchanganyika. Hiyo si telefone. Inaweza kuwa meninjiti, ugonjwa unaoua upesi. Kwa mtoto mchanga shingo inaweza isikaze: angalia kama ana homa, anakataa kunyonya, amelegea, ao utosi umevimba.

— Mkono ao mguu unakosa nguvu, ao mkojo unatoka wenyewe.

— Maumivu yalianza baada ya kuanguka ao kupigwa.

Njoo pia juma hili, usikawie, ikiwa maumivu yanakuamsha kila usiku, unakonda na kutoka jasho. Kifua kikuu kinaweza kuingia hata katika mifupa, na kina dawa.

Mama, shingo inayouma kwa sababu ya kuinama inapona mara nyingi kwa kubadili desturi. Haba na haba hujaza kibaba: inua kichwa chako mara nyingi kila siku. Wafundishe na watoto wako wakubwa, kwa maana shingo zao nazo zinabeba.