Laivu za Uingereza, kura za Chienge

Uchaguzi wa Zambia ukikaribia, Mzambia wa Uingereza asiyechangia pesa kwenye laivu za siasa mtandaoni huambiwa hajali kwao. Lawama hiyo siikubali. Anayeijali Chienge, wilaya ya wavuvi kule kwetu, angeuliza kwanza laivu hizo zinamfikisha nani kituoni. Sisi tunaozikeshea huku nje hatuna kura, maana sheria inamtaka mpiga kura awe nchini, kwenye kituo alichojiandikisha. Uingereza inatuaibisha kwa hili: Mzambia mwenye ukaazi halali anaweza kumchagua mbunge wa Leeds, kwa kuwa nchi yetu imo katika Jumuiya ya Madola, na barua ya kuhakiki daftari humfuata mlangoni kila mwaka. Watoto wetu walioko Scotland hupiga kura ya bunge la huko wakiwa na miaka 16. Ndio haohao tunaowagombeza kwa kukesha kwenye simu, lakini wakihamasishwa na laivu, kituo kiko mtaa wa pili. Kwao laivu inazaa kura kwa sababu kazi nyingine yote imeshafanywa.

Zambia si hivyo: daftari la uchaguzi wa 2021 liliandikwa upya kwa wiki chache kuanzia Novemba 2020, wakati wa mvua. Mvuvi wa Puta, huko Chienge, huhama kambi akifuata samaki, na jina lake halihami naye. Anayemfaa ni mtu anayemjua pale mwaloni, wa kumwambia kwa Kibemba leo waandikishaji wako wapi.

Nitajibiwa kwa mwaka 2021. Zaidi ya nusu ya wapiga kura milioni 7 walikuwa vijana, waliojitokeza walipanda kutoka asilimia 56 ya mwaka 2016 hadi zaidi ya 70, na Hakainde Hichilema, "Bally" wa mitandaoni, akamshinda rais wa wakati huo, Edgar Lungu. WhatsApp ilibanwa siku ya kura, Agosti 12, na kesho yake Mahakama Kuu ikaamuru ifunguliwe. Nani hubana kisicho na nguvu? Nguvu ya kusambaza habari siikatai. Lakini foleni za siku ile zilitokana na majina yaliyoandikwa miezi minane kabla. Tena Luapula, mkoa wa Chienge, ulimpa Lungu ushindi. Kama laivu ndizo zilizoamua, huko hazikuamua.

Basi michango ya laivu ilipie mafuta ya boti na bando la vijana wa mialo ya Puta na Kashikishi wakati wa uandikishaji, kabla mgombea yeyote hajatajwa. Na sauti zetu za laivu ziidai Tume ya Uchaguzi vituo kwenye balozi.