Kitabu cha marejeleo nacho huzeeka. Tazama mwaka kabla ya kunukuu

MAJUZI mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea sura ya kwanza ya tasnifu yake kuhusu istilahi za ujenzi katika lahaja za pwani. Alikuwa ameandika bila kusita kwamba Gedi ulikuwa mji wa Waarabu. Nilipomuuliza dai hilo amelitoa wapi, alinionyesha kitabu kinachoheshimika mno. “Lakini Profesa, hiki ni kitabu cha marejeleo,” akasema, kana kwamba mjadala umefungwa.

Sikumlaumu. Nilipokuwa na umri wake nami niliandika sentensi iyo hiyo, kutoka kitabu kicho hicho, na nikapewa alama nzuri. Ndiyo maana katika makala haya ninadhamiria kueleza jinsi tunavyopaswa kuvisoma vitabu vya marejeleo kuhusu akiolojia na ulimwengu wa kale, hasa ule wa pwani yetu.

Kitabu chenyewe ni The Arab City of Gedi cha James Kirkman, kilichochapishwa mwaka wa 1954. Kirkman alianza kazi katika magofu hayo, karibu na Malindi, mwaka wa 1948. Alipima kuta, akachora ramani za misikiti na kuorodhesha vigae vya kauri kutoka Uchina. Kazi hiyo ingali na thamani. Hata hivyo, hebu itazame anwani yenyewe: hitimisho limekwisha kutolewa jaladani, kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza!

Hapa pana jambo la msingi. Ripoti ya uchimbuaji huwa na mambo mawili yaliyosukwa pamoja: kile mchimbuaji alichokiona ardhini na fasiri aliyoitoa. Kipimo cha ukuta hakizeeki. Fasiri huzeeka. Neville Chittick naye, katika juzuu zake mbili kuhusu Kilwa (1974), alikusanya data ambayo hakuna mtafiti anayeweza kuikwepa, ilhali aliwapa wahamiaji kutoka ng’ambo nafasi kubwa katika chimbuko la miji hiyo.

Kisha ikaja Shanga. Katika miaka ya 1980, Mark Horton alichimbua magofu hayo yaliyoko kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa Ijumaa uliojengwa kwa mawe palikuwa na mabaki ya misikiti iliyoutangulia, ya awali ikiwa ya miti, ya karne ya nane. Vyungu vya kienyeji navyo vilipatikana tangu matabaka ya chini kabisa. Basi, mji haukushushwa melini ukiwa tayari. Ulikua papo hapo, kutoka nyumba za miti na udongo hadi za mawe. Ripoti yake ilitoka mwaka wa 1996.

Wanaisimu walikuwa wamepita njia hiyo hiyo. Derek Nurse na Thomas Spear (1985), kisha Nurse na Thomas Hinnebusch (1993), walionyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, ndugu ya Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Maneno ya mkopo kutoka Kiarabu, hata yawe mengi vipi, hayabadilishi nasaba ya sarufi.

Je, tuseme basi wageni hawakuwa na mchango wowote? La hasha. Mwaka wa 2023, utafiti wa DNA ya mifupa kutoka makaburi ya Mtwapa, Manda, Kilwa na kwingineko ulionyesha kwamba wengi wa watu hao walikuwa na asili ya Kiafrika hasa upande wa mama, na ya Kiasia, Uajemi zaidi, upande wa baba. Kwa hivyo hata aliyeshikilia vitabu vya 1996 peke yake ana la kuongeza.

Kwa anayeanza leo, ningependekeza The Swahili World (2018), kitabu kilichohaririwa na Stephanie Wynne-Jones na Adria LaViolette. Kimekusanya wataalamu wengi, na kitakuelekeza kwa Kirkman, Chittick na Horton. Usiwatupe hao wa zamani. Usiache mbachao kwa msala upitao. Wasome ukijiuliza maswali matatu: kitabu kiliandikwa lini? Mwandishi aliona nini kwa macho yake? Na ni wapi anapoanza kukisia?

Linaloniuma ni kwamba vitabu vyote nilivyovitaja vimeandikwa kwa Kiingereza. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, unataja bandari ya Rhapta, ambayo jina lake limetokana na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba. Msomaji wa Kiingereza huhitaji maelezo marefu ili aelewe chombo cha aina hiyo. Sisi tuna neno moja tu: mtepe. Lugha iliyo na neno hilo haina kisingizio cha kukosa kitabu chake cha marejeleo.

Mwanafunzi wangu ameirudia sura yake. Kirkman angali mle ndani, ila sasa ananukuliwa kwa vipimo vya kuta.