Black Sabbath: Wahakiki waliikataa, wanunuzi wakaibeba

OKTOBA 1969, vijana wanne kutoka Aston, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani mjini Birmingham, Uingereza, waliingia studio jijini London. Siku moja iliwatosha kurekodi albamu yao ya kwanza. Walipiga kama walivyozoea kupiga ukumbini. Baadaye ziliongezwa sauti za mvua, radi na kengele za mwanzoni.

Bendi iliitwa Black Sabbath, na albamu ikapewa jina hilo hilo. Ilitoka Ijumaa, Februari 13, 1970.

Wahakiki wakaiponda. Huko Marekani, Lester Bangs wa jarida la Rolling Stone aliiona kuwa ni mwigo hafifu wa bendi ya Cream. Robert Christgau naye akaipa alama za chini. Tuwape haki yao: wimbo "Warning" unapita dakika 10, na humo gitaa linatangatanga kama mbuzi aliyekata kamba.

Lakini kuipima kwa kipimo cha Cream ndiko kulikowapoteza. Mpiga gitaa, Tony Iommi, alikuwa na miaka 17 pale mashine ya kiwandani ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye hupiga kwa shoto, kwa hiyo vidole hivyo ndivyo vinavyokandamiza nyuzi. Nyapara wake alimpelekea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa ambaye naye vidole vyake viwili viliharibiwa na moto. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vikofia vya vidole, akatafuta na nyuzi nyepesi. Mlio ule mzito, wa taratibu, ulipitia mkono huo. Hakuuazima kwa mtu.

Nimeshika kalamu nyekundu miaka mingi, najua mkono unavyokimbia ukikutana na mwandiko usiouzoea. Wengi wetu tuliosomea ukimbizini tumewahi kusahihishwa hivyo.

Wanunuzi hawakungoja ruhusa. Albamu ilifika nafasi ya 8 Uingereza na ya 23 Marekani, ambako ilikaa kwenye chati zaidi ya mwaka. Mwaka 2003, Rolling Stone ile ile iliiingiza katika orodha yake ya albamu bora 500.

Julai 5, 2025, wanne wale wale walipiga pamoja kwa mara ya mwisho katika uwanja wa Villa Park, huko huko Aston. Mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, aliimba akiwa ameketi. Alifariki Julai 22.