Kobe Aliyerudi Kwao

Kobe twamjua sote, na bibi zetu walitusimulia werevu wake. Leo twataka kuwapa habari za ndugu zake walio mbali, katika visiwa vya Galápagos vya nchi ya Ekwado. Ni wakubwa ajabu: wengine hupita kilo 200.

Visiwa ni vingi, na kobe wake si wa aina moja. Mwaka 1835 mtaalamu Mwingereza Charles Darwin alipofika huko, makamu wa gavana, Bwana Lawson, alimwambia kwamba akimwona kobe aweza kutaja kisiwa alikotoka. Kobe wa kisiwa cha Española, kwa mfano, gamba lake limeinuka mbele kama tandiko la farasi; hivyo aweza kuinua shingo na kula mimea iliyo juu.

Lakini mabaharia waliwachukua kwa wingi merikebuni wawe chakula, maana kobe aweza kuishi miezi mingi bila kula wala kunywa. Tena mbuzi walioletwa na watu walimaliza majani. Kati ya miaka 1963 na 1974 walipatikana Española kobe 14 tu, majike 12 na madume 2, nao walitawanyika hata hawakukutana. Basi wakahamishiwa kisiwa cha Santa Cruz ili wazaliane.

Madume wawili walikuwa wachache mno. Ndipo wataalamu walipomtambua dume mmoja katika bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, kuwa ni wa Española. Akarudishwa katika miaka ya 1970, akaitwa Diego. Laiti asingalitambuliwa, angalizeeka huko bure.

Kazi ilitaka uvumilivu. Mayai yaliwekwa mahali pa joto lililopimwa, kwa kuwa joto likizidi kidogo huzaliwa majike, likipungua madume. Watoto walitunzwa miaka kadhaa, ndipo wakapelekwa Española. Mwaka 2020 walikuwako huko karibu 2,000, na mwezi wa Juni wazee wote 15 wakarudishwa kwao. Uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba Diego alikuwa baba wa 40 hivi katika kila 100. Waliobaki, karibu wote, ni wana wa dume mwingine mpole, ambaye magazeti hayakumtaja sana.

Kobe wa kisiwa cha Pinta hawakupata bahati hiyo. Dume wao wa mwisho, George, alionekana mwaka 1971. Walimtafutia majike wa visiwa vingine, lakini mayai hayakuanguliwa. Alikufa mwaka 2012, na aina yake ikaisha naye.

Basi, enyi wanafunzi, msidharau kazi ya kutazama viumbe kwa makini na kuviita kwa majina yake. Mtu hawezi kukilinda asichokijua. Na kiumbe kikiisha kutoweka, hakuna fedha ya kukinunua tena.