Uzingativu na Uchovu Sugu wa Kazini miongoni mwa Watoa Huduma za Afya: Ufafanuzi wa Dhana na Masharti ya Utekelezaji katika Pwani ya Mtwara na Maingilio ya Mto Ruvuma

Ikisiri

Makala hii inafafanua dhana ya uchovu sugu wa kazini, inaeleza jinsi mafunzo ya uzingativu yanavyokusudiwa kuupunguza, na inapima masharti ya kuyatumia mafunzo hayo kwa watoa huduma za afya wa pwani ya Mtwara. Hoja kuu ni kwamba mafunzo haya yana manufaa ya kiasi yanayothibitika, lakini hayawezi kubeba mzigo uliosababishwa na uchache wa watumishi. Pale yanapotolewa badala ya marekebisho ya mazingira ya kazi, huhamisha lawama kutoka kwa mfumo kwenda kwa mtumishi.

1.0 Utangulizi

Katika zahanati ya kijijini, muuguzi mkunga huweza kuanza siku kwa kliniki ya wajawazito, akaendelea na chanjo za watoto, akajaza vitabu vya MTUHA alasiri, na usiku akaamshwa kumzalisha mama aliyeletwa kwa pikipiki. Kesho yake kituo hufunguliwa kama kawaida. Hali hii hupatikana katika maeneo mengi ya Tanzania. Hata hivyo, ukanda unaoanzia Mikindani, kupitia Msimbati na Madimba, hadi vijiji vya kando ya Ruvuma kama Mahurunga na Kitaya, una mambo yanayoongeza uzito wake. Mvua za msimu huharibu barabara na kurefusha safari ya rufaa. Aprili 2019 wakazi wa pwani hii waliishi katika tahadhari ya Kimbunga Kenneth, ambacho hatimaye kilitua Cabo Delgado. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilishambuliwa na wapiganaji waliovuka mto kutoka Msumbiji. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa moto. Machi 2021, mji wa Palma uliposhambuliwa, wapo waliokimbilia upande wa Tanzania kutafuta usalama.

Katika matukio ya namna hiyo, mtoa huduma ni mkazi wa eneo lilelile. Anahofia watoto wake mwenyewe wakati akiwahudumia watoto wa wenzake. Kwa sababu hiyo, swali la namna ya kuulinda moyo wa mtoa huduma lina uhusiano wa moja kwa moja na ubora wa huduma anayopewa mwananchi.

Uhusiano huo huonekana wazi katika malalamiko yanayofahamika sana kuhusu vituo vya afya, yaani kauli mbaya. Kwa kawaida, kauli mbaya hushughulikiwa kama suala la maadili: mtumishi huonywa au huitwa mbele ya kamati. Fasihi ya uchovu sugu wa kazini inatoa tafsiri ya pili. Baadhi ya kauli hizo huweza kuwa dalili ya mtu aliyeishiwa. Tafsiri hii haimwondolei mtumishi wajibu wake, wala haimfidii mama aliyefokewa wakati wa uchungu na ambaye huenda safari ijayo akachagua kujifungulia nyumbani. Inachofanya ni kuelekeza juhudi kwenye chanzo.

2.0 Dhana ya uchovu sugu wa kazini

Dhana hii iliingia katika maandishi ya kitaaluma mwaka 1974 kupitia Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyeiona hali hiyo kwa watu waliojitolea katika kliniki ya bure jijini New York. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha kipimo kilichoipa dhana umbo linalotumika hadi leo. Kipimo hicho kina vipengele 22 na hugawa hali hiyo katika sehemu tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu za kihisia: mtu huamka akiwa tayari amechoka. Ya pili ni ubaridi kwa wahudumiwa: mgonjwa hupoteza jina na kubaki kuwa "yule wa kitanda cha tatu". Ya tatu ni kudhoofika kwa hisia ya ufanisi: mtu huona kazi yake haileti tofauti yoyote.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka hali hii katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo lililoanza kutumika Januari 2022. Shirika liliitaja kuwa tukio la kikazi linalotokana na msongo wa muda mrefu wa kazini ambao haujadhibitiwa, na halikuihesabu kuwa ugonjwa. Uamuzi huo una maana kubwa. Iwapo hali hii ingekuwa ugonjwa, tiba ingemlenga mgonjwa peke yake. Kwa kuwa ni tukio la kikazi, mahali pa kazi pia panapaswa kuchunguzwa.

3.0 Uzingativu: asili na utendaji

Katika makala hii, uzingativu ni hali ya kuelekeza fikra kwa makusudi kwenye jambo linalotokea sasa, bila kuharakisha kulihukumu. Mafunzo yake ya kisasa huanzia mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alipoanzisha programu ya kupunguza msongo katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Alichukua mazoezi yenye asili katika mapokeo ya Kibuddha na yoga, akayaweka katika muundo usio wa kidini kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu ya kudumu. Programu hiyo huchukua wiki 8, kwa kikao kimoja cha saa mbili na nusu hivi kila wiki, siku moja ya mazoezi marefu, na mazoezi ya nyumbani ya takriban dakika 45 kwa siku.

Mazoezi yenyewe ni mepesi kuyaeleza. Mshiriki hufuatilia pumzi yake. Fikra zinapotangatanga, huzirudisha bila kujikemea. Huupitia mwili sehemu kwa sehemu na kutambua palipokaza. Hutembea polepole akiangalia hatua zake. Lengo ni kupanua nafasi iliyopo kati ya kichocheo na itikio. Muuguzi anayetambua kwamba mabega yamekaza na hasira inapanda hupata sekunde chache za kuchagua neno kabla halijatoka. Asiyetambua hujikuta ameshasema. Hapa ndipo mafunzo haya yanapokutana na suala la kauli mbaya.

4.0 Ushahidi uliopo

Utafiti unaotajwa mara nyingi ni wa Krasner na wenzake (2009), uliowashirikisha madaktari 70 wa huduma za msingi mjini Rochester, Marekani. Baada ya wiki 8 za mafunzo ya karibu na miezi 10 ya kuyadumisha, uchovu wa kihisia ulipungua na hali ya kuwajali wagonjwa iliongezeka. Hata hivyo, utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha, hivyo haukuweza kutenganisha athari ya uzingativu na athari ya kukutana na wenzao na kusikilizwa.

Mapitio ya West na wenzake (2016) yalijumuisha majaribio nasibu 15 na tafiti fuatilizi 37 za afua mbalimbali kwa madaktari. Kwa jumla, kiwango cha uchovu sugu kilishuka kutoka asilimia 54 hadi 44. Mwaka uliofuata, Panagioti na wenzake waligundua kwamba afua zilizolenga taasisi, kama vile kubadili ratiba na mzigo wa kazi, zilikuwa na athari kubwa kuliko zile zilizomlenga daktari binafsi. Matokeo hayo mawili yakisomwa pamoja yanaonyesha kwamba mtu binafsi anaweza kusaidiwa, na kwamba taasisi ikibadilika husaidia zaidi.

Tafiti hizo zilihusu zaidi nchi tajiri. Kwa Afrika Mashariki, mfano wa karibu unatoka Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp. Tol na wenzake (2020) walijaribu programu ya Shirika la Afya Duniani kwa wanawake wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Vikao vilikuwa vitano, vikitolewa kwa makundi makubwa kwa njia ya sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha, vikiongozwa na wawezeshaji wasio wataalamu wa afya ya akili. Uzingativu ulikuwa sehemu ya maudhui. Msongo wa kisaikolojia ulipungua, ingawa athari ilififia kiasi baada ya miezi mitatu. Walengwa hawakuwa watumishi wa afya; kwa hiyo matokeo hayahamishiki moja kwa moja. Kinachohamishika ni njia: mafunzo mafupi, yasiyohitaji mtaalamu, yanayoweza kufika mahali pasipo na daktari wa akili.

5.0 Masharti ya utekelezaji katika pwani ya Mtwara

5.1 Lugha na upimaji

Neno "nimechoka" hubeba maana nyingi: uchovu wa mwili, kukata tamaa, na hata kukerwa na mtu. Kipimo kilichotafsiriwa neno kwa neno huweza kuchanganya maana hizo. Aidha, Mswahili husema ana "mawazo" pale ambapo kipimo huuliza juu ya msongo. Tatizo zito zaidi lipo katika sehemu ya ubaridi kwa wahudumiwa. Kwa kuwa lugha mbaya kwa mgonjwa ni kosa la kinidhamu, mtumishi anayeulizwa kama amekuwa mgumu wa moyo ana sababu nzuri ya kukana. Alama ndogo katika sehemu hiyo zinaweza kuwa kipimo cha woga. Usiri wa majibu, kwa hiyo, ni sharti la uhalali wa data, pamoja na kuwa sharti la maadili.

5.2 Dini na mapokeo

Sehemu kubwa ya wakazi wa pwani ni Waislamu, na bara, kuelekea Masasi na Ndanda, Ukristo una mizizi mirefu. Zoezi lenye asili ya Kibuddha linaweza kutiliwa shaka. Historia ya mkoa inaonyesha kwamba mafunzo hupokelewa yanapofinyangwa upya na wenyeji. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Kianglikana wa Masasi, alikubali jando liendelee katika umbo la Kikristo badala ya kulipiga marufuku, na wazee na mapadri wenyeji walishiriki katika kuliunda. Vivyo hivyo, mafunzo ya uzingativu hayana budi kueleza asili yake kwa uwazi, kuepuka kudai nafasi ya sala au dhikri, na kuwaachia washiriki waamue ni mazoezi gani yanaafikiana na imani zao.

5.3 Muda na umbali

Dakika 45 za mazoezi ya nyumbani hazipo kwa muuguzi anayepika, anayelea, na ambaye msimu wa korosho ana shamba linalomsubiri. Zoezi linapaswa kuingizwa ndani ya kazi iliyopo: pumzi tatu wakati wa kunawa mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa, au kimya cha dakika moja kabla ya makabidhiano ya zamu. Vikao vya pamoja vinaweza kuambatanishwa na siku ambazo waganga wafawidhi hupeleka taarifa za mwezi wilayani, na sauti zilizorekodiwa zikasambazwa kwa simu. Mtafiti azingatie pia suala la posho. Semina yenye posho huvutia washiriki kwa sababu zisizohusiana na maudhui, na kundi la kulinganisha lisilolipwa litapotosha matokeo.

5.4 Usalama na hiari

Kwa mtu aliyeshuhudia mauaji au kuzikimbia nyumba zinazowaka, kufumba macho na kutulia kunaweza kuamsha kumbukumbu badala ya kuzituliza. Washiriki waruhusiwe kufumbua macho na kuacha zoezi bila kutoa sababu, na pawepo njia ya rufaa kwenda kwa wataalamu wa afya ya akili. Vilevile, mafunzo yanayoamriwa na mkuu wa kituo hupoteza hiari, na bila hiari uzingativu hubaki kuwa zamu nyingine.

6.0 Mpaka wa mafunzo

Uzingativu unaweza kumsaidia muuguzi kutambua kwamba amechoka. Hauwezi kumpatia mwenzake wa kupokezana naye zamu. Iwapo usiku wa tatu mfululizo ameitwa peke yake, itikio sahihi kwa kile anachokitambua ni kudai mapumziko, na mafunzo yanayomfundisha kuvumilia tu yatakuwa yamemnyamazisha. Hatari hii ni ya kweli kwa sababu mafunzo ni nafuu kuliko ajira. Afua yenye uadilifu huambatanisha mambo mawili: mazoezi ya mtu binafsi, na kikao ambacho watumishi hueleza vyanzo vya uchovu mbele ya wenye mamlaka ya kupanga zamu, nyumba za watumishi na usafiri wa rufaa. Tathmini nayo isiishie kwenye hojaji. Ichunguze maombi ya uhamisho, utoro kazini, na maoni ya akina mama waliohudumiwa.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba uchovu sugu wa kazini ni tukio la kikazi lenye sura tatu, kwamba uzingativu hugusa zaidi sura mbili za kwanza, na kwamba ushahidi uliopo unaunga mkono matumizi yake kwa tahadhari. Kwa pwani ya Mtwara, utafiti unaohitajika ni jaribio linalogawa vituo badala ya watu, kwa kuwa watumishi wa kituo kimoja hufundishana, na linalolinganisha mafunzo pekee na mafunzo yaliyoambatana na marekebisho ya zamu. Jibu la ulinganisho huo ndilo litakaloionyesha halmashauri iwapo fedha yake inamsaidia mtoa huduma au inamzoeza tu kubeba mzigo uleule.