Picha ikikatwa kitabuni, shairi hupoteza shahidi

Mwenzangu mmoja anayefundisha fasihi aliingia ofisini mwangu hivi majuzi, akaikagua rafu iliyo nyuma ya kiti changu, kisha akaniuliza swali ambalo nimekwisha kulizoea. Yawaje mtu aliyesomea isimu, tena anayefundisha Kiswahili, akusanye vitabu vikuukuu vya mashairi ya Wamarekani wa karne ya kumi na tisa? "Ndugu yangu," alisema, "kwani tungo zetu zimekwisha?"

Nilimjibu kwa mzaha, akacheka na kwenda zake. Hata hivyo, swali lake linastahili jibu la haki, na jibu lenyewe linamhusu kila mwalimu na mwanafunzi anayeshika kitabu.

Nianze kwa kuungama kosa langu. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu nchini Marekani, niliingia siku moja katika duka la vitu vya kale, nikanunua picha iliyotiwa katika fremu. Ilikuwa picha ya kamera ya mzee mmoja, Mmarekani Mweusi, ameketi mbele ya kibanda cha mbao. Alinikumbusha marehemu babu yangu, naye babu hakuacha picha hata moja. Nikaitundika juu ya meza yangu ya kusomea. Wala haikunipitikia kuuliza ilikotoka.

Mwaka uliofuata, katika maktaba ya chuo, nilifunua kitabu cha mshairi Paul Laurence Dunbar kiitwacho Poems of Cabin and Field, kilichochapishwa na kampuni ya Dodd, Mead huko New York mwaka 1899. Mzee yule yule alikuwa akinitazama kutoka ukurasani, na mkabala wake palikuwa na ubeti. Ndipo nilipofahamu kwamba ukutani kwangu palikuwa na ukurasa uliokatwa kwa wembe kutoka katika kitabu kama kile, na kwamba fedha zangu ndizo zilizomlipa mkataji.

Msomaji asiyeifahamu biashara hii huenda akaona kwamba ninakuza jambo dogo. Katika karne ya kumi na tisa, wachapishaji wa Boston, New York na Philadelphia walikuwa na desturi ya kutoa vitabu vya mashairi vyenye picha kabla ya Krismasi, ili watu wapeane zawadi. Jalada lilinakshiwa kwa dhahabu, karatasi ilikuwa nene, na michoro ilichongwa kwa mkono kwenye vibao vya mti au mabamba ya chuma kabla ya kupigwa chapa. Utenzi wa John Greenleaf Whittier uitwao Snow-Bound ulitoka mwaka 1866, na kufikia 1868 ulikuwa umetolewa upya pamoja na michoro ya Harry Fenn. The Raven, shairi la Edgar Allan Poe la mwaka 1845, lilichorewa picha na Gustave Doré, Mfaransa, katika kitabu kikubwa cha kampuni ya Harper kilichotiwa tarehe ya 1884. Doré mwenyewe hakuwahi kukiona. Alifariki Januari 1883.

Vitabu hivi leo vinatafutwa sana, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Mchuuzi hupiga hesabu akaona kwamba kitabu kizima kina mnunuzi mmoja tu, ilhali picha zake zikitiwa katika fremu moja moja zitapata wanunuzi kumi. Basi huchukua wembe. Beti zinazobaki hutupwa, kwani nani atanunua gofu la kitabu? Wanunuzi nao, kama nilivyokuwa mimi, hudhani wameokoa kitu cha kale.

Ubaya wa tendo hili unazidi kule kupungua kwa kurasa. Picha za vitabu hivi si mapambo matupu. Zimo katika usemi wa kitabu. Mathalani, Walt Whitman alipochapisha diwani yake Leaves of Grass huko Brooklyn mwaka 1855, kwa gharama yake mwenyewe na kwa nakala 795 tu, hakuliweka jina lake katika ukurasa wa anwani. Mkabala wa ukurasa huo aliweka picha yake, iliyochongwa na Samuel Hollyer kutokana na picha ya kamera ya Gabriel Harrison: mwanamume mwenye ndevu, kofia imeinama kichwani, shati limefunguka shingoni, mkono mmoja kiunoni na wa pili mfukoni. Enzi hizo mshairi wa kuheshimika alitarajiwa kuonekana katika koti na tai. Huyu alijitokeza kama kibarua aliyetoka kazini, na msomaji hulikuta jina lake baadaye, ndani ya shairi lenyewe. Ukiikata picha ile, umekinyang'anya kitabu sahihi ya mwenyewe.

Kitabu cha Dunbar kina fumbo zito zaidi, na hapa ndipo isimu inapoingia. Dunbar alizaliwa Dayton, Ohio, mwaka 1872, na wazazi waliokuwa watumwa Kentucky. Baada ya kumaliza shule alipata kazi ya kuendesha lifti, na diwani yake ya kwanza, Oak and Ivy, aliwauzia abiria wa lifti hiyo kwa dola moja. Mwaka 1896 mhakiki mashuhuri William Dean Howells alimsifu hadharani, hasa kwa zile tungo alizoziandika kwa lahaja ya Wamarekani Weusi wa Kusini. Sifa hizo zilimletea umaarufu, zikamjengea na ua. Tungo zake nyingi zilikuwa za Kiingereza sanifu, lakini wasomaji walidai lahaja. Katika barua ya mwaka 1897 alilalamika kwamba hukumu ya Howells kuhusu tungo za lahaja ilikuwa imemdhuru.

Poems of Cabin and Field ni zao la dai hilo. Katika utungo wa kwanza, The Deserted Plantation, msemaji ni mzee aliyekuwa mtumwa, ambaye amebaki peke yake katika shamba lililohamwa akizitamani siku za kale. Picha zilipigwa na chama cha wapiga picha cha Hampton Institute, shule iliyoanzishwa Virginia mwaka 1868 kwa ajili ya kuwaelimisha watu waliotoka utumwani. Wengi wa wanachama hao walikuwa walimu Wazungu. Waliopigwa picha walikuwa watu wa kweli, lakini majina yao hayakuandikwa.

Hebu sasa, msomaji, tazama ni watu wangapi wanaokutana pale kitabu kinapofunuliwa. Yupo kijana wa Ohio anayeandika kwa lahaja ambayo haikuwa usemi wake wa kila siku. Yupo mzee wa Virginia aliyetoa uso na akanyimwa jina. Yupo mwalimu aliyeshika kamera, na yupo mchapishaji wa New York anayejua soko lake linapenda nini. Ni nani hasa anayesema katika ubeti ule? Tahajia yenyewe, na alama zake za kudondosha herufi, iliwekwa kwa ajili ya sikio la nani? Hayo ni maswali ya isimujamii, na hayawezi kuulizwa kwa ukamilifu mpaka ubeti na picha viwe pamoja.

Nilikuja kununua nakala nzima ya kitabu hicho, jalada likiwa limechakaa na kwa hivyo bei ikiwa ya kuvumilika, na kila mwaka huipeleka darasani. Mwaka mmoja mwanafunzi aliutazama ukurasa kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, ubeti unasema mzee huyu anazikumbuka raha. Mbona mimi naona uso uliochoka?" Somo la siku hiyo sikulifundisha mimi. Angaliona ile picha ya ukutani kwangu peke yake, angeliona mzee tu. Na angalisoma ubeti peke yake, angeliamini raha hizo.

Mwenzangu aliuliza kama tungo zetu zimekwisha. Namjibu kwamba vitabu hivi ndivyo vilivyonirudisha kwetu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalikusanywa na Mwalimu Sikujua na mmisionari William Taylor baada ya mshairi kufariki, na diwani yake ikachapishwa mwaka 1940. Mengi ya mashairi hayo yalikuwa majibizano na hoja za mji wa Mombasa wakati wa vita na watawala wa Oman. Ukimpa mwanafunzi ubeti mmoja wa Muyaka bila kisa chake, umemkatia ukurasa kwa wembe. Ndiyo maana kazi ya Mohamed Hassan Abdulaziz ya mwaka 1979, iliyoyarudishia mashairi hayo mazingira yake, ina thamani kubwa kwetu. Sisi walimu hulikata shairi kila tunapolitungia swali la mtihani, na aghalabu hatukumbuki kulirudisha lilikotoka.

Kwa mwanafunzi anayetaka kuanza kukusanya, nina nasaha chache. Usihadaiwe na dhahabu ya jalada. Fungua orodha ya picha mwanzoni mwa kitabu, kisha uzihesabu moja moja. Pitisha kidole karibu na mshono, ukigusa kipande chembamba cha karatasi kilichosalia, jua wembe umepita hapo. Usitengeneze ukurasa uliochanika kwa utepe wa gundi, wala usikianike kitabu juani. Kama huna fedha, usisikitike. Hakimiliki ya vitabu hivi imekwisha, na maktaba nyingi za Marekani zimevitia katika intaneti kurasa zote, ubeti na picha kwa mpangilio wake, bila malipo. Nakala nzima iliyo kwenye kompyuta yafaa kuliko picha ya asili iliyopachuliwa kitabuni.

Ile picha yangu nimeiondoa katika fremu. Kitabu ilikokatwa sitakijua kamwe, wala siwezi kuirudisha. Nimeiweka katika bahasha ndani ya nakala yangu, pale penye picha kama hiyo, nikaandika juu ya bahasha mwaka na mahali nilipoinunua, na kwamba mnunuzi hakuuliza. Ndivyo itakavyowafikia wanafunzi watakaonifuata: wazee wawili wanaofanana, mmoja angali na ubeti wake, mwingine hana.