Askari Chini ya Meya: Funzo la Barafu ya Kanada

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii twaifahamu sote tangu utotoni, lakini ukweli wake hupimwa siku ile dhiki yenyewe inapobisha hodi. Leo nataka niwasimulie askari wenzangu wa jeshi na wa polisi juu ya dhiki iliyowapata wananchi wa Kanada katika majira ya baridi ya mwaka 1998, na namna viongozi wa miji midogo, majirani na wanajeshi walivyoikabili kwa pamoja. Nchi hiyo iko mbali nasi, na baridi yake hatuijui. Hata hivyo, kazi waliyoifanya askari wake katika siku zile ni kazi ambayo yeyote kati yetu aweza kuitwa kesho kuifanya.

MVUA ILIYOGANDA

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 5 Januari, 1998, mvua ilianza kunyesha katika bonde la Mto Saint Lawrence, mashariki ya Kanada. Haikuwa theluji, ambayo wenyeji wa huko wameizoea na wanajua jinsi ya kuiondoa barabarani. Ilikuwa mvua ya maji. Huko juu angani palikuwa na hewa ya joto, na chini bondeni palikuwa na hewa ya baridi kali iliyonaswa isiweze kutoka. Matone yalishuka yakiwa maji, yakapita katika baridi hiyo, na mara yalipogusa kitu chochote yakaganda papo hapo kuwa barafu.

Mvua ya namna hiyo si ngeni huko, ila kwa kawaida hudumu saa chache tu. Safari hii ilirudi tena na tena hadi tarehe 10. Mjini Ottawa, makao makuu ya serikali, zilipimwa milimita 85, na kusini ya mji wa Montreal zilifika 100. Kila tawi la mti na kila waya ulivishwa barafu, tabaka juu ya tabaka, mpaka nyaya za umeme zikawa nene kama mkono wa mtu mzima.

Chuma nacho kina kikomo chake. Minara mikubwa inayobeba nyaya za umeme kutoka kwenye mabwawa ya kaskazini ilianza kupindika na kuanguka, na kila mnara ulioanguka uliuvuta mwenziwe. Mamia ya minara ya chuma yalilala chini, pamoja na zaidi ya nguzo 20,000 za mbao. Watu wapatao milioni 4 katika majimbo ya Quebec, Ontario na New Brunswick walijikuta gizani.

Kwetu sisi, umeme ukikatika, mtu huwasha taa ya mafuta akaendelea na maisha yake. Huko haikuwa hivyo. Katika jimbo la Quebec umeme ni rahisi na ni mwingi, na kwa sababu hiyo nyumba nyingi hupashwa joto kwa umeme mtupu. Umeme ulipokatika, joto nalo liliondoka. Na mvua ilipokoma, baridi ilizidi badala ya kupungua. Nyumba ikawa baridi kama nje, na mtu mzee au mtoto mchanga hawezi kustahimili hali hiyo kwa siku nyingi.

Siku iliyokuwa ngumu kupita zote ni Ijumaa, tarehe 9 Januari. Siku hiyo hata viwanda vya kusafishia maji ya Montreal vilikosa umeme, na mji huo mkubwa ukakaribia kukosa maji ya kunywa na ya kuzimia moto. Madaraja yalifungwa kwa kuhofia vipande vya barafu vilivyokuwa vikiwaangukia wapitao. Mashariki ya Montreal, sehemu iliyo kati ya miji ya Saint-Hyacinthe, Granby na Saint-Jean-sur-Richelieu ilikaa gizani kwa muda mrefu kuliko zote, na wananchi wakaipa jina la pembetatu ya giza.

KAZI ILIANZIA KWENYE BARAZA LA MJI

Katika msukosuko kama huo, macho ya watu wengi huelekea serikali kuu. Lakini serikali kuu haijui ni nani anayeishi peke yake katika nyumba ya mwisho ya mtaa, wala haijui ni bibi gani asiyeweza kushuka ngazi. Anayejua hayo ni diwani, ni karani wa mji, ni zimamoto wa kujitolea, ni jirani. Kwa hiyo mzigo wa kwanza uliangukia mabaraza ya miji na vijiji.

Mameya walifungua shule, kumbi za michezo na majumba ya mikutano yawe vituo vya hifadhi. Vitanda vya kambi vilipangwa, vyungu vikubwa vilitengwa motoni, na wanawake kwa wanaume walipeana zamu za kupika, kufua na kuwatunza wagonjwa. Mamia ya vituo vya namna hiyo yalifunguliwa, na maelfu kwa maelfu ya watu walilala humo. Wengine wengi zaidi walipokewa na ndugu, marafiki, na hata watu wasiowajua, ambao nyumba zao zilikuwa bado na umeme au meko ya kuni.

Viongozi wa mitaa walitumia kila walichokuwa nacho. Katika mji wa Boucherville injini ya gari la moshi ilitolewa relini, ikaendeshwa juu ya barabara ya lami mpaka karibu na ofisi za mji, ili mtambo wake utoe umeme. Barabara iliharibika kwa uzito wa magurudumu yale ya chuma, lakini barabara hutengenezwa tena.

Vijijini wakulima walipatwa na taabu ya aina nyingine. Ng'ombe wa maziwa sharti akamuliwe kila siku, la sivyo kiwele huvimba na mnyama huugua. Mkulima mwenye ng'ombe wengi hukamua kwa mashine, na mashine yataka umeme. Basi jenereta moja ilizungushwa kutoka zizi hadi zizi, mchana na usiku, kila mkulima akipewa saa zake. Hata hivyo, mamilioni ya lita za maziwa yalimwagwa, kwa kuwa viwanda vya kuyapokea navyo vilikuwa gizani.

Kuni zikawa na thamani kuliko fedha. Misafara ya malori iliyosheheni kuni ilitoka mikoa mingine ya jimbo, ikiwamo Saguenay. Watu wa Saguenay walikuwa wamepatwa na mafuriko makubwa mnamo Julai 1996, nao wakasaidiwa na wenzao. Miezi 18 tu baadaye walipata nafasi ya kurudisha wema.

ASKARI WANAITWA

Tarehe 7 Januari serikali ya jimbo la Quebec iliomba msaada wa jeshi, na kesho yake operesheni ikaanza. Kwa jumla walipelekwa askari wapatao 15,700: zaidi ya 10,000 katika Quebec, karibu 5,000 katika Ontario na mamia kadhaa katika New Brunswick. Miongoni mwao walikuwamo askari wa akiba, walioacha kazi zao za kiraia wakavaa sare. Kanada haikuwa imewatoa askari wengi kiasi hicho kwa operesheni moja tangu Vita vya Korea.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba jeshi halikuja kutawala. Liliitwa na serikali za kiraia, na liliendelea kuzitumikia serikali hizo mpaka siku lilipoondoka. Katika miji midogo, ofisa wa jeshi aliyefika na kikosi chake alikwenda kwanza kwa meya, akauliza ni lipi la kufanya mwanzo. Meya alikuwa na orodha ya mahitaji, na askari walikuwa na malori, misumeno, redio, waganga wa kijeshi na mikono yenye nguvu. Mmoja bila mwingine asingefika mbali. Meya peke yake angeijua nyumba ya mgonjwa asiweze kuifikia. Askari peke yao wangepita barabarani pasipo kujua kwamba mgonjwa yumo ndani.

Kila mmoja wetu aliyepitia chuo cha maofisa alifundishwa kutoa amri. Hapana budi pia kujifunza kuomba maelekezo kwa mtu asiyevaa cheo begani.

HODI MLANGONI

Kazi za askari zilikuwa nyingi: kukata miti iliyoziba barabara, kuwasaidia mafundi wa umeme kufikia nguzo zilizoanguka, kubeba kuni, kupika na kutibu katika vituo vya hifadhi. Lakini kazi iliyookoa roho za watu kuliko zote haikuhitaji mtambo wowote. Ilikuwa kwenda nyumba kwa nyumba na kubisha hodi.

Askari na polisi walipita katika mitaa yenye giza, mlango baada ya mlango, wakiuliza nani yumo, ana joto kiasi gani, amekula lini. Hapo ndipo walipokutana na ugumu ambao hakuna nguvu ya silaha iwezayo kuuondoa. Wazee wengi hawakutaka kutoka. Wengine waliogopa wezi, wengine hawakutaka kuiacha paka au mbwa, na wengine waliona haya kulala ukumbini mbele ya watu kama maskini. Mtu wa namna hiyo ukimwamrisha kwa ukali, atafunga mlango na kukaa kimya, na siku ya tatu utamkuta amekufa. Ukiketi naye, ukamweleza kwa heshima, ukamwahidi kwamba polisi watazunguka mtaani kulinda nyumba yake, na ukaitimiza ahadi hiyo, atavaa koti lake na kukufuata. Mara nyingi aliyeweza kumshawishi alikuwa jirani yake aliyekuja pamoja na askari.

Hatari nyingine ilikuwa moshi, na zaidi ya moshi, ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Sisi huku twaijua vema, kwani kila mara husikia habari za mtu aliyelala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, asiamke. Ndivyo ilivyokuwa Kanada. Watu waliokaribia kuganda waliingiza majiko ya kuchomea nyama sebuleni, au waliwasha jenereta ndani ya banda la gari lililoungana na nyumba. Zaidi ya watu 25 walikufa katika maafa yale, baadhi kwa baridi, baadhi kwa moto, na baadhi kwa hewa hiyo. Askari aliyebisha hodi akalikuta jiko la mkaa ndani, akalitoa nje na kueleza sababu, aliokoa jamaa nzima kwa tendo la dakika moja.

HABARI ZA KWELI

Kuna jambo moja ambalo mimi, kwa kuwa kazi yangu ni uhusiano wa jeshi na umma, siwezi kulipita. Kila siku Waziri Mkuu wa jimbo la Quebec, Lucien Bouchard, pamoja na André Caillé, mkuu wa shirika la umeme, walisimama mbele ya waandishi wa habari wakaeleza hali ilivyo. Wananchi waliwasikiliza kwa redio za betri.

Uvumi hustawi gizani. Mwananchi akielezwa kwamba umeme hautarudi kesho, atahuzunika, lakini atajipanga. Akidanganywa kwamba utarudi usiku huu, atakaa katika nyumba ya baridi akingoja, na kungoja huko kwaweza kumuua. Msemaji wa jeshi au wa polisi anayeificha hali mbaya ili watu wasiogope hawasaidii watu hao.

BAADA YA BARAFU

Mafundi walikuja kutoka majimbo mengine na kutoka Marekani, wakafanya kazi usiku na mchana. Hata hivyo nyumba za mwisho katika pembetatu ya giza zilirudishiwa umeme mwanzoni mwa Februari, zaidi ya mwezi mmoja tangu tone la kwanza kuganda.

Serikali ya Quebec haikuridhika na sifa ilizopewa. Iliunda tume chini ya mhandisi Roger Nicolet, na ripoti ya mwaka 1999 ilisema wazi kwamba jimbo lilikuwa limekosa utamaduni wa kujiandaa kwa maafa. Moyo wa kusaidiana ulikuwapo kwa wingi, lakini mabaraza mengi hayakuwa na mipango ya dharura yenye uzito. Mnamo 2001 ikapitishwa sheria mpya ya usalama wa raia iliyoweka wazi wajibu wa serikali za mitaa katika kujiandaa, na shirika la umeme likajenga minara imara zaidi, ili mmoja ukianguka usiivute yote.

Kwetu sisi barafu haitashuka, lakini mito hufurika, milima huporomoka, na maradhi hutokea bila taarifa. Siku hiyo ikifika, kikosi kitakachofaulu ni kile ambacho ofisa wake anamjua mwenyekiti wa kijiji kwa jina kabla ya maafa, na ambacho wanavijiji hawakimbii wanapoona sare zake. Ujuzi huo haupatikani usiku wa mafuriko. Hupatikana siku za kawaida, kwa kusalimiana njiani, kwa kulipa deni dukani, na kwa kuheshimu shamba la mtu wakati wa mazoezi.

Askari wa Kanada walipobisha hodi katika giza lile, milango ilifunguliwa. Na tujiulize kila mmoja wetu: nikibisha hodi mimi, je, mlango utafunguliwa?